Gari linayumba: matairi mapya peke yake hayatoshi



Barabara ya kutoka Kabingo, kupita Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu ina urefu wa kilomita 260 hivi. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na matope. Miaka hii imekuwa ikijengwa kwa lami. Lami ni jambo jema, lakini inaongeza mwendo. Gari lililokuwa likienda kilomita 40 kwa saa sasa linafika 80. Ubovu uliojificha katika mwendo mdogo hujitokeza katika mwendo mkubwa.

Tuseme kikundi chenu kina gari la kupeleka maharage sokoni Kasulu. Mmechanga fedha na kununua matairi manne mapya. Fundi amerekebisha uelekeo wa magurudumu, kazi inayoitwa alaimenti. Lakini likifika kilomita 80, gari linayumba. Je, mmeibiwa? Msigombane na fundi kwanza. Wala msinunue matairi mengine. Chunguzeni.

Ukifunga jembe jipya kwenye mpini uliopasuka, jembe litacheza. Gari nalo ni hivyo hivyo. Tairi ni jembe. Viungo vinavyoshika gurudumu ni mpini.

Dereva aeleze anavyosikia. Usukani ukitetemeka, anzeni na magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka, anzeni na ya nyuma. Gari likivutwa upande mmoja, pimeni upepo kwanza. Likitangatanga huku na huku, viungo huenda vimelegea.

Sasa fanyeni kazi hii kwa utaratibu. Anzeni na mambo yasiyo na gharama.

1. Nati. Kazeni nati zote za magurudumu. Nati zikilegea, gurudumu linaweza kuchomoka. Baada ya kufunga matairi, zikazeni tena mkishasafiri kilomita 80 hivi.

2. Upepo. Pimeni asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kipimo huandikwa kwenye kibati karibu na mlango wa dereva. Tairi la kulia na la kushoto la mbele yawe na upepo sawa. Ya nyuma vivyo hivyo.

3. Udongo. Tazameni upande wa ndani wa rimu. Udongo mwekundu ukikauka hapo, upande mmoja wa gurudumu unakuwa mzito. Ukwangueni, mwoshe. Mtetemo ukibaki, fundi apime uzito wa gurudumu kwa mashine na kuweka vipande vya risasi panapopungua. Kazi hii si alaimenti. Ni kazi nyingine.

4. Viungo. Egesheni gari mahali tambarare. Zuieni magurudumu mengine kwa mawe. Inueni gurudumu moja la mbele kwa jeki. Lishikeni juu na chini, mlitikise. Likicheza, beringi au bolijointi imechakaa. Lishikeni kushoto na kulia, mlitikise. Likicheza, tazameni tairodi. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tu.

5. Shokapu. Kandamizeni kona ya gari, kisha mwachie. Likirukaruka mara nyingi, shokapu ya kona hiyo imekwisha.

Kumbukeni jambo moja kubwa. Alaimenti iliyofanywa huku viungo vimelegea haidumu. Viungo vitengenezwe kwanza, alaimenti ifuate. Tairodi ikibadilishwa, alaimenti ifanywe upya. Fundi akibadilisha kifaa, mwambieni awape kile cha zamani mkione.

Matairi mapya nayo huteleza kidogo mwanzoni. Kwa kilomita mia chache za kwanza, dereva aende taratibu.

Gari likiwa bado linayumba, msipakie watu. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali Kibondo anahitaji kufika salama. Nawe ukiwa abiria, usione haya kumwambia dereva, "Ndugu, punguza mwendo." Maisha yako yamo humo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini gari huweza kuyumba hata likiwa na matairi mapya?
2. Ni kazi gani ifanywe kabla ya alaimenti?
3. Gari la kijijini kwenu lilikazwa nati lini?