Mama, Je, Unaweza Kuziba Pancha?

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuuache uji wa mtoto, tuongee juu ya baiskeli. Katika nyumba nyingi za huku Iringa baiskeli ni ya baba. Mama huipanda baba asipokuwa na shida nayo, na ikiharibika huikokota hadi kwa fundi, hata kama fundi yuko kijiji cha tatu.

Kazini niliwahi kumpokea mzazi aliyetokwa damu tangu usiku. Baiskeli iliyombeba ilipata pancha njiani, na ndugu zake hawakuwa na kiraka wala pampu. Mama tulimwokoa. Mtoto, hapana.

Basi, Septemba 2014 akina mama wa kanisa moja huko Idodi waliniomba nikawafundishe dalili za hatari kwa mjamzito. Toka kwetu Kalenga ni zaidi ya kilomita 60, kupitia Nzihi, Kidamali na Mlowa. Basi la siku ile lilikuwa bovu, nami nilikwisha kuahidi. Mume wangu alijaza upepo, akaniombea, nikaondoka alfajiri peke yangu.

Barabara ile, wakati huo ya vumbi, hushuka polepole kutoka kwenye baridi yetu hadi nchi ya mibuyu na migunga. Miiba ya mgunga haina huruma. Kabla ya Kidamali gurudumu la nyuma lilikuwa limelala.

Niliigeuza baiskeli magurudumu juu, nikafungua tairi kwa mipini ya vijiko viwili. Nilimimina maji kidogo katika bakuli, nikazamisha mpira hadi nikaona mapovu. Ukishapata tundu, kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni, kisha subiri. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Solusheni ikiwa bado mbichi kiraka hakishiki. Na kabla ya kurudisha mpira, papasa ndani ya tairi lote. Mwiba wangu ulikuwa bado umejificha humo.

Mzee mmoja alisimama. "Kamwene," akanisalimu. "Mama, fundi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye huyu. Akacheka sana, lakini akaketi kunishikia gurudumu.

Karibu na Mlowa jiwe lilichana tairi ubavuni. Hapo kiraka hakisaidii, kwa kuwa mpira hujitokeza kwenye mpasuko na kupasuka. Nilikata kipande cha tairi kuukuu nilichobeba, nikakiweka ndani, nikajaza upepo wa wastani. Mara kile kimpira chembamba cha valvu kikakatika kwa joto! Ni kitu kidogo mno, ila bila hicho utapampu hadi jioni. Nilikuwa nacho cha akiba.

Jua lilikuwa kali, nami nilikunywa kabla ya kusikia kiu: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, si vya kilima. Ndiyo maji tunayompa mtoto anayeharisha pakiti za dawa zinapokosekana.

Wengine mtauliza juu ya vazi. Mwaka 1894, mwaka ule ule Wajerumani walipoiteka ngome ya Mkwawa hapa Kalenga, mama wa watoto watatu aitwaye Annie Londonderry aliondoka Boston, Marekani, akitaka kuzunguka dunia na baiskeli yake. Ilikuwa na uzito wa kilo 19 hivi, na gauni refu lilimtatiza. Huko Chicago alichukua baiskeli ya kiume, nyepesi karibu nusu ya ile, na baadaye akavaa suruali. Mimi huvaa suruali ndani ya kitenge, na kitenge hukikunja kisiguse mnyororo. Na yale maneno kwamba baiskeli huharibu kizazi hayana ukweli wowote.

Nilifika Idodi magharibi. Kesho yake, nilipotandaza picha zangu, mama mmoja mjamzito akanyosha mkono. "Dada nesi, ni kweli ulijizibia mwenyewe?" Wakaomba tuanze na hilo. Baiskeli ikaletwa mbele, na kila mmoja akashika vijiko kwa zamu. Dalili za hatari tulizisoma baada ya chakula cha mchana.