Jino Liking'oka, Dafu Lisubiri

Wadau wa Diani, leo naongea na nyinyi mnaocheza mpira mchangani, mnaoendesha boda na mnaofundisha watoto michezo. Jino la mbele la mtu mzima likichomoka lote na mzizi wake, kazi ya kuliokoa haianzi kwa daktari. Inaanza kwako wewe uliyeliokota.

Pwani yetu tunapenda dawa za asili mpaka tunasahau saa. Nimeshuhudia mtu kaokota jino la mwenzake, akalisugua na fulana mpaka likang'aa, kisha ubishi ukaanza. Tulitie maji ya chumvi? Dafu? Mshubiri? Asali? Kila mtu daktari, na jino liko kiganjani linakauka.

Lile tope-tope lililoshika mzizi si uchafu wote. Kuna utando mwembamba wenye seli hai, na seli hizo ndizo zinazounga jino na mfupa. Ukisugua, umeutoa. Ukiliacha kavu, seli zinakufa, na ikifika saa 1 madaktari huhesabu zimekwisha zote. Jino bado laweza kurudishwa, lakini mfupa utaligandia moja kwa moja na kuula mzizi polepole, mwaka baada ya mwaka.

Sasa dafu. Mimi ni mtu wa dafu, msinionee. Na si hadithi ya vijiweni tu: mwaka 2008 watafiti wa India waliandika kwamba lilihifadhi seli hizo vizuri kuliko maziwa na kuliko gundi ya nyuki. Lakini wengine waliopima baadaye walipata kinyume, maana dafu lina uchachu. Miongozo ya kimataifa ya 2020 inataja maziwa, mate na maji ya chumvi ya hospitali. Dafu halimo. Kwa hiyo, kwa jino la mwanangu, mimi nanunua maziwa.

Kuna wanaosema, "Si hospitali zina kemikali zao?" Zipo. Mzizi uliochelewa umejaribiwa kuloweshwa kwenye floridi, asidi ya sitriki, hata antibayotiki. Floridi inaweza kupunguza kasi ya mzizi kuliwa. Kufufua seli zilizokufa, hapana, hakuna hata moja inayoweza.

Basi fanya hivi. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lina mchanga? Lisuuze haraka kwa maziwa, au kwa maji kidogo, usisugue. Lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo, aume kitambaa, mkimbilie kwa daktari wa meno. Mkishindwa, litieni kwenye maziwa baridi, au atemee mate kikombeni mlitie humo. Msiliache ndani ya maji ya kawaida, yanapasua seli.

Na kutoka ufukweni hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni si karibu, hasa usiku. Ndiyo maana nataka makocha, vijana wa bichi na chama cha boda wafundishwe hili kabla ya kupewa jaketi nyingine ya kung'aa. Maziwa yapo kila duka la Ukunda.

Ila kwa mtoto mdogo, jino la utoto msilirudishe kabisa. Linaweza kuumiza jino la ukubwani linaloota chini yake. Mzuieni damu, mpelekeni akaangaliwe.