Uwani Kwanza, Sebule Baadaye

BARAZANI
Na Mkaazi wa Gerezani

Kila inapokaribia Idi, au masika yanapoanza kunukia, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo hufurika watu wanaotafuta mapazia, mazulia na vitambaa vya makochi, na jioni huonekana wakirejea Gerezani, Ilala na Magomeni na mafurushi yao, kila mmoja ameazimia kuipa maskani yake sura mpya. Azma hiyo naistahi, kwani nyumba iliyopambwa humpa mgeni taadhima na mwenyeji furaha. Lakini nadhani tumeupindua utaratibu wa kazi, tukatanguliza pambo na kuiacha nadhafa ifuate.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vilivyokabiliana ukumbini, ina baraza mbele ya kupokelea watu, na nyuma ina uwani, penye jiko, choo na mapipa ya maji. Aghalabu kila chumba kina mpangaji wake, ilhali uwani ni wa wote, na kwa sababu ni wa wote, huko ndiko yanakolimbikizwa makopo, tairi kuukuu na samani zilizovunjika, ambazo kila mmoja anangoja mwenziwe azitupe.

Gharama ya ajizi hiyo jiji letu limekwisha kuilipa. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa ya dengue iliwalaza wengi hapa Dar es Salaam, na mbu aienezaye, ambaye huuma mchana, hupenda kuzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu, ndani ya pipa, kopo na tairi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, bali sharti chombo kisuguliwe, kisha kifunikwe au kifudikizwe.

Basi kabla ya masika ya Machi, wapangaji wa nyumba moja na wakutane, washike mafagio ya chelewa, waanze uwani. Taka zizolewe, zisisukumwe mferejini, kwani cha mferejini huishia Mto Msimbazi, na watu wa Jangwani, walioyaona mafuriko ya Desemba 2011, wanajua mto huo ukizibwa hupita wapi. Kisha kila mtu aingie chumbani mwake: aondoe tando za buibui, apake ukuta chokaa, aanike godoro juani, na sakafu aiache mwisho, maana vumbi hushuka. Nguo asizozivaa azitoe sadaka zingali nzima. Hapo ndipo pazia litundikwe, mkeka wa ukindu utandikwe, na udi ufukizwe chetezoni.

Tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli aliifanya Sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, akatoka Ikulu kuzoa taka pamoja na watu wa Feri, hapa Kivukoni. Fundisho lake lingali hai: kazi hii haimshushii mtu hadhi. Kwa hiyo aliyeweka akiba ya pazia la Idi, namsihi atoe kwanza fungu lake la mifuniko ya mapipa na ada ya kuzolea taka. Pazia likichelewa, hapana atakayeugua.