Chumvi ya Ozi, Figo na Dhima ya Wanakiswahili

Kila panapotajwa kijiji cha Ozi, kilichoko katika delta ya Mto Tana, eneo bunge la Garsen, mazungumzo aghalabu huwa ya mpunga na miembe. Wapokomo wa huko walirithi kilimo cha aina ya pekee: bahari inapojaa pale Kipini, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda na kuyanywesha majaruba. Utaratibu huo umevurugika. Mto unapopungua nguvu, kinachopanda ni maji ya chumvi, na mashamba yaliyolisha vizazi kadhaa yameharibika. Sababu zinazotajwa ni nyingi: ukame, bahari kuinuka, mkondo wa mto kubadilika, na mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Hayo yote yamejadiliwa. Lisilojadiliwa vya kutosha ni kwamba mto huo ulikuwa pia mtungi wa kijiji. Chumvi inayoingia shambani huingia vilevile katika sufuria na katika kikombe.

Hoja ya makala haya ni kwamba chumvi ya Ozi ni suala la moyo na figo sawa na ilivyo suala la shamba, na kwamba sisi tunaosomea Kiswahili tuna dhima katika suala hilo ambayo hatuwezi kuwaachia madaktari peke yao.

Ili tuelewane, hatuna budi kwanza kueleza kinachotendeka mwilini. Wengi wetu tulifundishwa kuwa figo ni chujio. Waama ni chujio, lakini pia ni kiungo kinachotoa amri. Mwaka 1898, Robert Tigerstedt na Per Bergman waligundua kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka figo ya sungura, yakidungwa katika mwili wa mnyama mwingine, hupandisha shinikizo la damu. Dutu hiyo waliiita renini. Watafiti waliofuata walibaini kuwa renini huanzisha mfululizo wa hatua unaozaa anjiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu. Anjiotensini nayo huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Kazi ya aldosteroni ni kuizuia figo isiitupe chumvi.

Kwa mtu aliyepungukiwa na chumvi, mpango huo ni uokozi. Kwa mtu aliyezidiwa na chumvi, homoni hizi hutakiwa kunyamaza ili figo iitoe ziada. Kwa watu wengi, hata hivyo, ziada hiyo haitoki ipasavyo. Maji huifuata chumvi, damu huongezeka ujazo, na kuta za mishipa hupigwa kwa nguvu mchana na usiku. Utando wa ndani wa mshipa, ambao hutoa oksidi ya nitriki ili mshipa ulegee, hudhoofika. Mishipa hukakamaa, moyo hunenepa kwa kazi nzito, na figo, ambayo mishipa yake ni myembamba mno, hupata makovu. Figo yenye makovu hushindwa zaidi kutoa chumvi, na shinikizo huzidi kupanda. Mwenyewe huenda asihisi lolote kwa miaka.

Haya hayakuthibitishwa katika maabara za Ulaya peke yake. Mwaka 1990 zilichapishwa natija za utafiti uliofuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini. Ilibainika kwamba shinikizo lao la damu lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na kwamba uwiano wa sodiamu kwa potasiamu katika mkojo wao ulikuwa umeongezeka. Damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni chakula na mazingira. Ama kuhusu maji yenyewe, mfano ulio karibu zaidi na Ozi unatoka katika delta nyingine, ya pwani ya Bangladesh. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu eneo la Dacope ulikadiria kuwa wakati wa kiangazi watu walipata gramu 5 hadi 16 za sodiamu kwa siku kutokana na maji ya kunywa pekee, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sodiamu isiyozidi gramu 2 kutoka vyanzo vyote. Shinikizo la damu miongoni mwa wajawazito wa huko lilionekana zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa mvua.

Yafaa tuwe waangalifu. Utafiti mwingine wa pwani hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa maji yenye chumvi kiasi, yakiwa pia na kalsiamu na magnesiamu nyingi, huweza kuambatana na shinikizo la chini. Kwa hiyo si haki kumtisha mkazi wa Ozi kwa mfano wa Bangladesh. Haki yake ni kupimiwa maji yake mwenyewe, msimu baada ya msimu, na kupimwa damu yake mwenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Mkenya mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tuchukue neno mshipa. Kwa daktari, ni njia ya damu. Kwa mzungumzaji wa Pwani, mshipa ni njia ya damu, ni neva, na ni ugonjwa wa ngiri pia. Delta ya Tana ni eneo ambalo limesumbuliwa na matende na mabusha. Mzee akiambiwa "mshipa wako una tatizo", haishangazi akielewa jambo tofauti kabisa na lililokusudiwa, akaona haya na asiulize. Tuchukue pia neno presha. Katika matumizi ya kila siku presha ni wasiwasi na mawazo mengi. Aliyetulia moyoni atasema hana presha, nayo mishipa yake inakakamaa. Hata chumvi ina utata: mgonjwa aliyeambiwa "punguza chumvi" ataacha kuitia katika mchuzi, wala hatafikiria maji anayoupikia.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa Ozi anahitaji bomba la maji, si istilahi. Nakubali kuwa maji safi ndiyo ya kwanza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inayataja kuwa haki. Lakini haki hudaiwa kwa maneno. Kijiji kinachoweza kusema kwa lugha yake kwamba maji haya yanaathiri figo kina hoja nzito zaidi mbele ya serikali ya kaunti kuliko kijiji kinachosema tu kwamba maji ni machungu.

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Dai hilo limepitwa na wakati. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003. Upungufu wetu ni wa maelezo yanayomfikia msikilizaji. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa dawa za shinikizo uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Ulionyesha kuwa kwa wagonjwa Waafrika weusi, michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo zaidi kuliko ule usio nayo. Utafiti umefanyiwa miili yetu, ukaandikwa kwa lugha ambayo wengi wenye miili hiyo hawaisomi.

Napendekeza, basi, mambo mawili. Kwanza, tasnifu za uzamili kuhusu istilahi zitoke maktabani, zikachunguze namna wauguzi wa Kipini na Ngao wanavyozungumza na wagonjwa, na yapi yanayopotea njiani. Pili, vyama vyetu vishirikiane na wanafunzi wa tiba kuandaa maelezo ya redio na vijitabu, kwa Kiswahili kinachoeleweka na Mpokomo, Muorma na Mgiriama.

Kipini, mdomoni mwa mto huo, ndipo panaposimuliwa kuwa na kaburi la Fumo Liyongo. Sisi tunaosoma fasihi huitaja sehemu hiyo darasani kila mwaka kwa ajili ya shujaa aliyekufa. Walio hai wa kando ya mto huo wanastahili angalau sehemu ya jitihada tunazompa yeye.