Daftari la wateja wako usilikabidhi kwa mgeni

Pale Namanga simu haijui iko nchi gani. Umesimama upande wa Tanzania, inakukaribisha Kenya. Unavuka barabara, inakukaribisha Tanzania, na kila inapokukaribisha inakula salio. Ndiyo maana nilishangaa, msimu wa vitunguu uliopita, kumkuta kijana wangu wa hesabu akitumia intaneti hiyo hiyo ya kubahatisha kupiga picha kurasa za daftari letu la madeni, moja baada ya nyingine, na kuzituma kwenye akili mnemba ya simuni, ile ambayo wenzetu wa Kenya huiita akili unde.

"Mzee, inapanga kuliko mimi," akaniambia. "Na ni bure."

Kweli ilikuwa imepanga. Majina kwa alfabeti, kila mtu na deni lake, na tarehe aliyoahidi kulipa. Nililifurahia jedwali lile kwa dakika mbili hivi. Halafu nikaanza kusoma kilichokuwamo. Jina la mama wa Kajiado anayechukua magunia kumi kwa mkopo. Namba yake ya simu. Namba ya kitambulisho aliyoniachia kama dhamana. Bei niliyonunulia shambani Mang'ola, na bei niliyomuuzia mnunuzi wa Nairobi. Hayo ni mambo ambayo hata shemeji yangu, tunayechangia naye lori, sijawahi kumwonyesha. Sasa yalikuwa yamelala kwenye kompyuta ya kampuni nisiyoijua, ng'ambo ya bahari.

Nikiri mapema kwamba hakuna baya lililotokea. Hakuna aliyenipokonya mteja, wala mama yule hajasumbuliwa na mtu. Lakini mfanyabiashara hasubiri ghala liungue ndipo anunue kufuli. Nyingi ya huduma hizi za bure husema wazi, kwenye masharti ambayo sisi huyaruka, kwamba mazungumzo yako yanaweza kutumika kuifundisha mashine, mpaka wewe mwenyewe utafute mahali pa kuzima. Machi 2023 hitilafu kwenye ChatGPT ilifanya baadhi ya watumiaji waone vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Mwaka huo huo Samsung iliwakataza wafanyakazi wake kutumia huduma za namna hiyo baada ya baadhi yao kuingiza humo siri za kampuni. Ikiwa Samsung iliogopa, mimi muuza vitunguu nina ubavu gani?

Hoja yangu ni kwamba msaidizi wa aina hii tunamhitaji, tena sana, ila akae nyumbani kwetu. Na inawezekana. Wengi hawajui kwamba inawezekana, ndiyo maana naandika.

Akili mnemba inayojibu maswali ni faili, kubwa lakini faili tu kama lilivyo la filamu. Fundi huliita modeli. Meta, Google, Mistral ya Ufaransa na kampuni kadhaa za China wamezitoa baadhi ya modeli zao ili mtu yeyote azipakue. Mwanzoni zilihitaji mashine za bei ya nyumba. Machi 2023 mtaalamu wa Bulgaria aitwaye Georgi Gerganov alitoa programu ya bure, llama.cpp, iliyowezesha modeli iliyobanwa kufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Juu ya kazi yake zimekuja programu rahisi zaidi, kama Ollama na LM Studio, ambazo kijana yeyote anayeweza kuweka programu ya hesabu dukani anaweza kuziweka.

Sisi tulitumia mpakato wa mtumba wenye kumbukumbu ya GB 8, maana RAM ndiyo ya kuulizia dukani, si urembo wa kioo. Tukachukua Gemma 3 ya Google, ile yenye vigezo bilioni 4, ambayo faili lake ni kama GB 3. Ukiwa na GB 16 unaweza kupanda hadi modeli ya bilioni 7 au 8, na utaona tofauti ya akili. Kupakua kulifanyika mara moja tu, Arusha mjini, kwenye intaneti ya uhakika. Tuliporudi mpakani kijana akazima mtandao kabisa, akauliza swali, na jibu likaja. Jaribio hilo lifanye hata wewe, kwa sababu siku hizi baadhi ya programu hizi, Ollama ikiwamo, zina pia modeli zinazofanyia kazi kwenye mashine za mbali. Ukiona neno "cloud" kwenye jina la modeli, hiyo si ya kwako, ni ile ile ya ng'ambo.

Jibu linakuja polepole, kama karani anayechapa kwa vidole viwili. Lakini anachapa hata siku mtandao umekufa. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na Uganda? Mwenye daftari la karatasi siku ile alikuwa tajiri kuliko mwenye daftari la mtandaoni.

Kazi anazoziweza ni hizi tunazozikimbia. Barua ya kumkumbusha mdeni bila kumtukana. Muhtasari wa masharti ya kurasa tisa kutoka kwa wakala wa forodha. Ujumbe kwa Kiingereza kwa mnunuzi asiyejua Kiswahili. Kuna programu, kama GPT4All, ambazo unazionyesha folda yenye nyaraka zako, kisha unaiuliza folda yenyewe. Kijana ameweka humo utaratibu wa Jumuiya wa biashara ndogo, ule unaoruhusu mzigo usiozidi dola 2,000 kupita na cheti rahisi cha uasilia, pamoja na orodha ya bidhaa zinazohusika. Mtu akitubishia getini tunafungua mpakato, tunaangalia waraka unasemaje. Waraka wenyewe, nasisitiza, si maneno ya mashine kuhusu waraka.

Kwa sababu mashine hii huongopa, na huongopa kwa sauti ya upole kabisa. Nilimpa deni la shilingi 45,000 za Kenya na deni la shilingi 600,000 za Tanzania, nikamwambia ajumlishe. Akanijibu shilingi 645,000, bila haya. Nchi tatu jirani zinatumia neno shilingi kwa fedha tatu tofauti, na mtoto wa Namanga anajua hilo kabla hajajua kusoma, lakini karani huyu hajui mpaka umwambie, na hata ukimwambia husahau. Hesabu zetu zimebaki kwenye jedwali la kompyuta, lenye safu ya kila sarafu. Mwandiko wa mkono ndiyo kabisa, anausoma kwa kubahatisha.

Kiswahili chake nacho kinachechemea. Modeli ndogo zimelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na unaliona hilo anapoanza kuchanganya ngeli. Si kwamba haliponi. Jacaranda Health, shirika la Kenya linalohudumia kina mama wajawazito, lilichukua Llama ya Meta, likaiongezea Kiswahili na kuiita UlizaLlama, mwaka 2023. Kama hilo liliwezekana kwa ajili ya kliniki, linawezekana kwa ajili ya forodha. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 137, unasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya wote. Basi Arusha ianze na jambo dogo: itoe orodha za bidhaa, fomu na viwango kwa Kiswahili, katika mafaili ambayo kompyuta inaweza kuyasoma, si picha zilizopigwa upande upande.

Najua atakayesema haya ni maneno ya wenye mpakato, wakati mama wa Busia au Mutukula ana simu tu, tena yenye kioo kilichopasuka. Hapo sina ubishi. Kompyuta ya maana ni mtaji wa msimu mzima kwa wengi wetu. Ndiyo maana nashauri vyama vyetu, vile vya kukopeshana na vile vya soko, vinunue moja na kuiweka ofisini, kama tunavyochangia mizani. Mizani ya chama kila mtu anaiamini kwa sababu kila mtu anaiona. Lakini katibu wa chama asiwe anasoma madeni ya kila mwanachama, maana huko tutakuwa tumemkimbia mgeni wa ng'ambo tukaangukia kwa jirani mbeya. Kila mtu awe na folda yake na neno lake la siri. Diski yenyewe ifungwe, kwa kuwa mpakato huibiwa kwa urahisi kuliko daftari.

Mwingine atasema siri hizi zote ni za kukwepa kodi. Hapana. Mamlaka ya mapato ina haki ya kuona mauzo yangu, na huyaona. Haki hiyo imeandikwa kwenye sheria. Kampuni ya mtandaoni haina haki kama hiyo juu ya namba ya kitambulisho cha mteja wangu, wala mimi sina haki ya kumpa. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022, na zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Sisi tunaozunguka mipaka ndio tunaobeba majina ya watu wa nchi mbili tatu kwenye daftari moja. Sijaona semina hata moja ya mpakani iliyotueleza jambo hilo, ingawa za kupiga picha na mgeni rasmi nimehudhuria nyingi.

Kijana amefuta alichoweza kufuta simuni, na wiki hii ameanza kuingiza madaftari ya miaka mitatu kwenye mpakato. Nilimweleza mama wa Kajiado yote, pamoja na lile la picha. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kuiona hiyo kompyuta. Nikamwonyesha juu ya kabati, nyuma ya mizani. Akaitazama, akauliza funguo za ofisi wanazo watu wangapi.