Neno Lisilonasuka

Jumapili iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tatu, kijana wa Mbeere huko Embu, aliniletea insha yake ya Kiingereza. Alikuwa ameandika kwamba yeye na rafiki yake wameungana "inextricably" kwa sababu huketi dawati moja. Nilimwuliza, "Je, mwalimu akiwatenganisha kesho?" Akacheka.

Asili ya neno hili ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichotatizika hata hakinasuki. Halisemi "sana" wala "daima". Wengi hulitafsiri kwa msemo wa chanda na pete. Mimi, samahani, sikubali. Pete huvuliwa, tena siku hizi haichelewi! Ulimi na mate ni afadhali.

Chukua mfano wa miraa ya Meru. Hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, lakini ukiyabandua majani hayo, miraa ni miraa tu. Hapo neno letu halifai. Sasa iweke miraa ya Igembe kando ya muguka wa Mbeere. Wataalamu wa mimea huviita vyote kwa jina moja, Catha edulis, na kanuni za serikali za mwaka 2023 kuhusu miraa zinautaja muguka pia. Mei 2024, baada ya kilio cha wazazi wa Pwani kwamba watoto wao wanaharibika, Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, miraa ikaachwa. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo kwa muda. Unaona jinsi ilivyo vigumu kukata uzi mmoja ukauacha mwingine? Hapo tumia "inextricably" bila hofu.

Mpwa wangu alimfuta rafiki yake, akaandika kwamba karo yake na muguka wa baba yake vimeungana hivyo hivyo. Sarufi ilikuwa safi. Nikamkumbusha kwamba mama yake hupanda ndengu.

"Shangazi," akanijibu, "ndengu za mama zilinunua viatu. Karo ya muhula mzima zitaifikia lini?"

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuligusa neno lake.