Idaho iliizidi New Jersey

Jamani, nilikuwa darasa la tano Obama alipowania tiketi ya chama cha Democratic mwaka 2008, na nilimshabikia kama timu ya mpira. Alishinda Iowa tarehe 3 Januari. Huku kwetu matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa siku nne tu kabla, na watu walikuwa wanauana. Tulihitaji habari moja nzuri.

Asubuhi ya Februari 6 redio ikasema Hillary Clinton amechukua California, New York na New Jersey. Nikajua mambo kwisha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasoma kompyuta, ndipo nilipopiga hesabu yenyewe. New Jersey ilimpa Clinton wajumbe 59 na Obama 48, tofauti 11. Idaho, ambako walijitokeza watu kama 21,000 tu, ilimpa Obama 15 na Clinton 3. Tofauti 12! Wajumbe waligawanywa kwa uwiano, hakuna kubeba wote. Kikosi cha Obama kilisoma kanuni kwanza (programa yeyote anajua uvivu wa kusoma maelekezo), kikapeleka watu hata kwenye majimbo madogo.

Kwa hiyo fulana na kelele hazinitoshi tena. Mchujo ujao wa vyama hapa Kenya, mgombea akitaka nimpigie debe nitamwuliza kwanza: kura zinahesabiwa na nani, na fomu za matokeo tutaziona wapi?